Sambaza tamu ya Muhumba imezaliwa barabarani

Sambaza nzuri haidai kitambaa cha meza. Inadai samaki wa leo, mafuta ya moto, chumvi, ndimu, pilipili, na mtu anayejua dakika ya kuitoa kwenye karayi. Kwa miaka mingi mambo hayo yote yalipatikana pembeni ya barabara, kwa mama aliyeketi kwenye kigoda karibu na mbabula yake, saa ambayo watu wanarudi nyumbani. Siku hizi yanapatikana pia Muhumba, kartiye Nyalukemba, katika komini ya Ibanda, kwenye resto za kawaida ambazo zimekubali kupika sambaza jinsi inavyopikwa nje. Ni habari njema kwa walaji wa Bukavu. Inabaki kujua kama ni habari njema pia kwa mama wa mbabula.

Resto zenyewe hazina fahari. Viti vya plastiki, meza zinazocheza kidogo, paa la mabati, redio inayopiga rumba, na ziwa kule chini ya mteremko. Orodha ya vyakula ni fupi: sambaza, brosheti za mbuzi, ndizi za kukaanga, viazi, na bugali kwa yule anayetaka kushiba kabisa. Mtu aliyezoea sehemu kubwa za rasi hiyo, ambako menyu ina kurasa nne na kuku anasubiriwa saa nzima, atashangaa. Hapa sambaza inafika mezani ikiwa bado inalia mafuta.

Utamu wake uko katika mambo madogo. Samaki anakaangwa mzima, na kichwa chake, bila kufunikwa na unga mzito wala mayai. Akiumwa anavunjika kama biskuti, na ndani bado ana unyevu. Pilipili imekatwa asubuhi ya siku ile, haikutoka kwenye chupa. Ndimu ipo pembeni, na hakuna anayeleta kisu na uma kwa samaki asiyezidi kidole. Mlaji ananawa mikono, anakula kwa vidole, anaagiza sahani ya pili.

Inafaa kusema hivyo wazi kwa sababu kuna resto nyingi mjini zinazoharibu chakula cha barabarani zikidhani zinakipandisha cheo. Zinaivalisha sambaza koti la unga, zinaimwagia mayonezi, zinaiweka juu ya jani la saladi, halafu zinaandika bei kwa dola. Kinachobaki hapo ni unga wenye harufu ya samaki. Sehemu hizi ndogo za Muhumba zimeelewa jambo moja: chakula kilichokamilika hakiongezewi mapambo.

Samaki aliyefika juzi

Wengi wanasema sambaza ni chakula cha mababu. Kwa kweli, samaki huyu hana muda mrefu ziwani. Mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa Wabeleji, vifaranga vya samaki vilitolewa Ziwa Tanganyika na kumwagwa Ziwa Kivu, kwa sababu maji ya katikati ya Kivu hayakuwa na samaki wa kuvuliwa kwa wingi. Aina mbili zililetwa. Moja haikushika. Ile iliyoshika wataalamu wanaiita Limnothrissa miodon, na watu wa Bukavu wanaiita sambaza. Ni ndugu wa ndagala wa Uvira.

Hivyo chakula ambacho leo kinaonekana kama alama ya mji hakijafikisha hata miaka mia. Aliyekigeuza kuwa alama ya mji si serikali wala hoteli. Ni wavuvi na wamama. Wavuvi wanatoka usiku wakiwa na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zikiwaka juu ya maji ili kuwavuta samaki, na wavu ukishushwa chini yao. Mwezi ukiwa mkubwa, samaki hawafuati taa, na asubuhi inayofuata beseni ni nyepesi na bei inapanda. Mkaaji yeyote wa Bukavu aliyetazama ziwa usiku wa giza amekwisha kuona taa hizo zikisimama mbali kama kijiji kingine.

Alfajiri wamama wanapokea samaki kando ya maji. Hapo kazi ya kuchagua inaanza: jicho liwe safi, ngozi ing'ae kama bati jipya, tumbo lisiwe limepasuka. Mabeseni yanapanda miteremko kichwani hadi Nyawera, hadi Kadutu, hadi kwenye vijia ambavyo gari haliwezi kufika. Jioni, sehemu ya samaki hao inaingia kwenye karayi za barabarani.

Mama wa karayi hana kipima joto. Anatupa samaki mmoja kwenye mafuta. Akizama na kunyamaza, bado. Akipanda juu na povu dogo likimzunguka, mafuta yako tayari. Anajua kwamba akitia samaki wengi kwa mara moja mafuta yatapoa na sambaza italainika kama iliyochemshwa. Anajua mafuta ya jana yanayoweza kurudi kazini na yale yaliyokuwa meusi ambayo yanapaswa kumwagwa. Anamjua pia mteja wake, kwa hiyo mteja akisema "Mama, weka matabishi," anaongeza samaki watatu wanne juu ya kipimo, na kesho mteja huyo anarudi palepale.

Hakuna shule ya mjini inayofundisha mambo hayo. Mpishi wa resto ya Muhumba anayekaanga sambaza vizuri anafuata somo lililoandaliwa na wamama hao, hata kama amevaa aproni nyeupe. Sahani ile nzuri ina deni, na deni hilo liko barabarani.

Muhumba haikuwa ya wote

Ili kupima uzito wa sahani hiyo, ni vizuri kukumbuka mahali inapoliwa. Katika wakati wa ukoloni, mji ulipoitwa Costermansville, sehemu nzuri za kando ya ziwa zilikuwa za Wazungu. Waafrika walipangiwa makao yao Kadutu, kisha Bagira. Mwafrika aliyeingia kwenye nyumba za rasi aliingia asubuhi kama mpishi au mtunza bustani, na jioni alirudi alikotoka. Jikoni alipika chakula cha wengine.

Baada ya uhuru kartiye hiyo ilibaki ya wenye uwezo. Nyumba za zamani zikawa makao ya wakubwa, ofisi za mashirika na hoteli. Chakula cha barabarani kilipofika huko kilifika kwa mlango wa nyuma: mlinzi akinunua mahindi ya kuchoma langoni, au mtumishi akirudi na kifuko cha sambaza mfukoni.

Leo sambaza imepita mlango wa mbele. Mfanyakazi wa shirika anaila meza moja na mwanafunzi, na mkubwa wa ofisi anailamba vidole kama mtu yeyote. Hilo si jambo dogo katika mji ambao miteremko yake ilitenganisha watu kwa makusudi.

Lakini bei inaweza kujenga tena ukuta ambao historia imebomoa. Sambaza ileile ikiandikwa kwa dola, mwendesha pikipiki aliyemleta mteja hadi langoni hawezi kuingia kula. Na tofauti kati ya bei ya beseni alfajiri na bei ya sahani jioni haimfikii mama aliyebeba beseni hilo. Mwenye resto ana kodi ya nyumba, ana wafanyakazi, ana mafuta ya jenereta, na anastahili faida yake. Tatizo linaanza pale faida inapokua juu na huku chini hakuna kinachobadilika.

Somo la Meksiko

Nchi iliyofika mbali katika jambo hili ni Meksiko. Chakula chake cha barabarani ni taco: chapati nyembamba ya mahindi iliyokunjwa mkononi, ndani yake nyama ya kuchoma, vitunguu, majani ya kotimiri, pilipili na ndimu. Msomaji wa Bukavu hatakiona kigeni sana. Mahindi yenyewe yalianza kulimwa huko Meksiko maelfu ya miaka iliyopita, na pilipili, maharagwe na parachichi pia zina mizizi yao katika Amerika kabla ya kuvuka bahari na kufika hadi Kabare na Walungu. Ni mazao yaleyale, yakapata wapishi wengine.

Hata taco inayopendwa kuliko zote mjini Mexico, ile ya nyama ya nguruwe inayozungushwa kwenye mti wa chuma mbele ya moto, ilizaliwa kutokana na shawarma ya wahamiaji kutoka Lebanoni. Watu wa barabarani walichukua kitu cha kigeni wakakifanya chao, sawasawa na wakaaji wa Bukavu walivyomfanya samaki wa Tanganyika kuwa wao.

Tofauti iko katika heshima. Mwaka 2010 Unesco iliweka upishi wa jadi wa Meksiko kwenye orodha ya urithi wa binadamu, orodha ileile ambayo rumba ya Kongo iliingia mwaka 2021. Na mwaka 2024 kitabu cha Michelin, cha kampuni ya Kifaransa ile ya magurudumu, ambacho kinatoa nyota kwa resto bora za dunia, kilitoa nyota moja kwa kibanda cha taco mjini Mexico kinachoitwa El Califa de León. Kibanda hicho kipo tangu mwaka 1968. Ni chumba kidogo, walaji wanasimama, na orodha ina aina nne tu za taco.

Hapo ndipo Bukavu inapaswa kufungua masikio. Nyota ile haikungoja taco ihamie hotelini. Iliifuata palepale ilipozaliwa, kwenye joto na moshi. Huku kwetu Kivu mambo yanaenda kinyume: chakula cha barabarani kinasifiwa siku kinapoingia ndani ya lango, na mwenye kukianzisha anabaki nje akifukuzwa.

Kwa maana wanafukuzwa kweli. Kila mara inapotangazwa kazi ya kusafisha mji na kuondoa masoko ya pembeni ya barabara, mbabula ni kati ya vitu vya kwanza kupinduliwa. Mama anapoteza mafuta, samaki na mtaji wa wiki. Baada ya siku chache anarudi, kwa sababu watoto wanangoja kula, na mchezo unaanza upya.

Swali la usafi ni la kweli

Wapo wanaosema kwamba resto ni bora kwa sababu ya usafi. Hoja hiyo haipaswi kudharauliwa. Kivu ya Kusini inajua kipindupindu, na bomba la maji linapokauka kwa siku kadhaa katika kartiye, hakuna anayenawa mikono vizuri, wala mama wa barabarani wala mpishi wa resto.

Lakini inafaa kutazama hatari iko wapi hasa. Samaki anayetoka sasa hivi kwenye mafuta yanayochemka amepita kwenye joto ambalo vijidudu haviwezi kulistahimili. Hatari inaingia baadaye: kwenye maji ya kuoshea sahani, kwenye kachumbari iliyooshwa kwa maji ya kijito, kwenye mkono uliopokea pesa kisha ukashika samaki, kwenye inzi na vumbi la barabara. Yote hayo yanatibiwa kwa vitu vitatu: maji safi, mtaro wa kutoa maji machafu, na kifuniko. Kumfukuza mama hakuleti hata kimoja kati ya hivyo. Kunamsukuma tu hadi mahali pa giza zaidi, penye maji machache zaidi.

Singapore ilipita njia hiyo. Wauzaji wake wa chakula walikuwa wamejaa barabarani, na serikali ilikuwa na hofu ileile ya magonjwa. Katika miaka ya 1970 ilijenga majengo ya wazi yenye maji, mitaro na meza, ikawahamishia humo na kuwapa vibali. Vyakula havikugeuzwa, walaji hawakupotea, na mwaka 2020 utamaduni huo nao ukaingia kwenye orodha ya Unesco.

Kama Singapore ni mbali na tajiri mno, kuna Zanzibar. Bustani ya Forodhani, mbele ya bahari katika Mji Mkongwe, ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, na jioni wauzaji wa mishikaki, samaki na juisi ya miwa bado wana nafasi yao humo. Wageni wanatoka hotelini kwenda kula nje. Mji haukuona aibu kwa moshi wa wauzaji wake. Uliutengenezea mahali.

Kinachowezekana Bukavu

Hakuna anayedai majengo ya Singapore. Kuna mambo ambayo komini, wenye resto na walaji wanaweza kuanza nayo bila kungoja mfadhili.

Komini ya Ibanda inaweza kuchagua sehemu moja tu, karibu na mahali watu wanapopita jioni, iweke bomba, mtaro na taa, na iwaache wamama wa karayi wafanye kazi hapo kwa saa zinazojulikana. Ushuru uwe mmoja, uandikwe kwenye karatasi, na ulipwe kwa risiti. Leo mama anaweza kutozwa na watu kadhaa kwa siku moja bila kujua pesa inaingia mfuko gani. Mahali pakijulikana na risiti ikiwepo, hata komini itapata zaidi kuliko inavyopata kwa kupindua mbabula.

Wenye resto nao wana kazi yao. Anayepata sifa kwa sambaza anunue moja kwa moja kwa mama mmoja au kwa kikundi cha wamama, kwa bei iliyokubaliwa, badala ya kubembeleza bei ya chini kila asubuhi kana kwamba ni mara ya kwanza kuonana. Anayetafuta mpishi amwite mama mwenye karayi, hata kwa siku mbili za wiki, kabla ya kutafuta kijana mwenye cheti asiyejua povu la mafuta. Na bei iandikwe kwa franka, kwa sababu samaki alinunuliwa kwa franka.

Tena wote wanapaswa kujali ziwa. Kivu ni refu kwenda chini, karibu mita 485, lakini samaki hawaishi huko chini, ambako hakuna oksijeni na kumejaa gesi. Wanaishi kwenye tabaka la juu peke yake. Ghala ni dogo kuliko linavyoonekana. Wavu wenye matundu madogo kama chandarua unakusanya watoto wa samaki kabla hawajazaa, na resto inayokubali kununua vifaranga hivyo inakula mbegu ya kesho. Upande wa Rwanda uvuvi unafungwa kwa muda kila mwaka ili samaki wazae. Samaki hawana pasipoti. Juhudi ya upande mmoja inapotea kama upande mwingine unakokota kila kitu.

Mlaji naye ana nguvu kuliko anavyofikiri. Kabla ya kuagiza, anaweza kuuliza maswali mawili matatu kwa adabu: "Papa, hii sambaza ni ya leo? Mnaitoa wapi? Mafuta yamebadilishwa lini?" Mahali pazuri hapachukii maswali hayo. Mhudumu anayejibu bila kusitasita amefanya kazi kwenye jiko linalojiheshimu. Anayekasirika amekwisha kujibu.

Na siku ambayo mfuko ni mwepesi, mlaji huyohuyo apite kwa mama wa barabarani, anunue fungu lake, alipe bila kumgombeza kwa franka mia. Akipata sahani nzuri Muhumba siku ya Jumamosi na akisahau karayi ya Nyawera siku nyingine zote, baada ya miaka michache Muhumba yenyewe itakosa mpishi. Binti wa mama atakuwa ameona namna mama yake anavyokimbizwa, na atakuwa amechagua kazi nyingine.

Sambaza za Muhumba ni nzuri kweli, na anayezifahamu hatakosa kurudi. Resto zilizokubali kupika bila mapambo zinastahili wateja wao. Ila sifa igawanywe kama samaki anavyogawanywa alfajiri kando ya maji: mvuvi apate fungu lake, mama apate lake, mpishi apate lake, na matabishi yaende kwa yule aliyepika kwanza.